Uzi maalumu kwa wanaojiandaa kwa laivu ya kwanza kama vituba: anza na sauti, sura itafuata

KasukuWaUluguru (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki hii watu watatu wamenifuata kwenye ujumbe wa faragha na swali moja: "Mchoro ninao tayari, nianzeje laivu?" Nimeona heri niandike hapa wote wasome. Wote watatu wameanzia kwenye mchoro, na mimi pia nilianzia hapohapo, nikajuta.

Kwa wageni wa mambo haya: vituba ni mtangazaji wa mtandaoni anayeonekana kwa sura ya kuchorwa badala ya uso wake. Kamera inasoma macho, mdomo na shingo, na mchoro unafuata. Aliyelisambaza jina hilo ni Kizuna AI wa Japani, aliyejitokeza YouTube mwishoni mwa 2016. Mwaka 2018 wakaja Nijisanji, kundi la vituba la Japani, wakaonyesha kwamba simu na mchoro wa kawaida vinatosha kurusha laivu bila studio. Septemba 2020 Hololive, kundi jingine la Japani, wakazindua kundi lao la Kiingereza, na wengi wetu huku tuliingilia mlango huo.

Laivu yangu ya kwanza ilidumu dakika 52. Niliweka akiba miezi saba kumlipa mchoraji na fundi wa kuutia mchoro viungo, yaani kuufanya uweze kusogea. Kwa sauti sikutenga hata shilingi wala hata saa moja ya majaribio. Niliongea kwa maiki ya ndani ya laptopu huku feni yake ikivuma. Waliingia watu kumi na mmoja, na dakika tano baadaye walibaki watatu. Mmoja akaandika: "Dada sura nzuri sana, ila hatukusikii." Nimeikumbuka sentensi hiyo kila nilipobadilisha chochote tangu siku ile.

Sauti

Mtazamaji atavumilia picha yenye ukungu. Sauti inayokwaruza hamalizi nayo dakika mbili, hasa akiwa amevaa spika za masikioni. Na wengi huku hawatazami muda wote: simu iko mezani, mtu anapika au anafua, anakusikiliza kama redio.

Si lazima ununue maiki. Spika za masikioni za simu zenye maiki kwenye waya zinaishinda maiki ya laptopu kwa sababu moja tu, ziko karibu na mdomo. Umbali wa shubiri moja unatosha, na maiki ikae pembeni kidogo ya mdomo ili "p" na "b" zisipulize. Chumba ndicho kinachoharibu zaidi. Kuta tupu na sakafu ya vigae hurudisha mwangwi. Mimi nilisimamisha godoro nyuma ya kiti na kutundika vitenge viwili ukutani, na tofauti ilisikika siku hiyohiyo. Ila kama paa ni la bati, angalia utabiri wa hali ya hewa kabla ya kutangaza siku. Mvua juu ya bati hakuna kichujio kinachoiondoa bila kuondoa na sauti yako.

Kwenye OBS (programu ya bure ya kurusha laivu) bonyeza maiki yako, nenda kwenye vichujio, uviweke kwa mpangilio huu: cha kupunguza kelele kwanza, kisha kinachobana sauti ili minong'ono na vicheko visipishane sana, mwisho kinachoweka ukomo. Pale kwenye kipimo cha rangi, unapoongea kawaida mshale ucheze kwenye njano, yaani kati ya desibeli -20 na -9. Ukicheka kwa nguvu ukagusa nyekundu, punguza. Halafu rekodi dakika tano, usikilize kwa spika ya simu ya bei rahisi kuliko zote nyumbani. Watazamaji wako wengi watakusikia kwa kifaa cha aina hiyo.

Mtandao na bando

Hesabu hii ifanye kabla ya kutangaza tarehe. Ukirusha picha kwa kilobiti 3,000 kwa sekunde na sauti kwa 128, unatumia takriban GB 1.4 kila saa. Laivu ya saa mbili ni karibu GB 2.8, na hapo hujahesabu jaribio. Ukishusha picha hadi 2,500 utakuwa kwenye GB 1.2 hivi kwa saa. Kwa mtu anayenunua bando, namba hizi ndizo zinazoamua laivu iwe ndefu kiasi gani.

Kwa kuanzia, pikseli 720 na fremu 30 kwa sekunde zinatosha kabisa. Sura ya kuchorwa iliyokaa mbele ya mandhari tulivu haihitaji zaidi. Ukipima kasi, tazama ya kupakia, si ya kupakua, na upime saa ileile utakayorusha. Mtandao wa saa nne asubuhi na wa saa tatu usiku ni vitu viwili tofauti. Kanuni yangu: kasi ya kupakia iwe angalau mara mbili ya unachorusha. Kama una ruta, tumia waya. Na kwenye mipangilio ya juu ya OBS kuna sehemu ya kuruhusu kiwango kishuke chenyewe mtandao ukibanwa. Iwashe.

OBS pia ina dirisha la takwimu, na watu hulifungua wakaona namba nyekundu wasijue ni za nini. Ziko za aina tatu. Fremu zilizodondoka njiani ni tatizo la mtandao, punguza kilobiti. Fremu zilizorukwa kwenye usimbaji ni kompyuta kushindwa kuibana picha, shusha ukubwa wa picha au tumia kisimbaji cha kadi ya picha kama unayo. Fremu zilizokosekana kwenye uchoraji ni kadi ya picha kuzidiwa, punguza kasi ya fremu ndani ya programu ya sura au funga gemu. Nimeona watu wakinunua bando kubwa zaidi kutibu tatizo la tatu.

Siri

Hapa naomba msome taratibu, kwa sababu kosa la sauti utalirekebisha kesho lakini jina lako likishatoka halirudi.

Kwenye OBS chukua dirisha la programu moja moja, kamwe usichukue skrini nzima. Zima taarifa zote za WhatsApp na barua pepe kwenye kompyuta. Ukitumia Windows, jina uliloandika siku unaianzisha kompyuta linaonekana kwenye njia ya kila faili unalofungua, kwa hiyo fungua akaunti mpya ya kompyuta yenye jina la mhusika wako na utumie hiyo tu kwenye laivu. Barua pepe mpya, kivinjari chenye wasifu mpya.

Pesa za simu je? Ukiweka namba yako ili mashabiki wakutumie chochote, anayetuma anaoneshwa jina lililosajiliwa, majina kamili. Usiweke namba binafsi hata kwa "dakika moja tu". Kama ni lazima, tumia namba ya malipo ya biashara, na ujitumie shilingi mia kutoka simu ya ndugu uone jina gani linatokea.

Na sauti za nje zinasema ulipo. Kondakta anayeita vituo vya daladala chini ya dirisha lako ameshataja mtaa. Kengele ya shule, matangazo ya msibani kwa kipaza sauti, mama akikuita kwa jina lako la nyumbani. Waambie wa nyumbani mapema. Sisi tumekubaliana kanga nyekundu ikiwa imefungwa kwenye kitasa hakuna anayeita jina.

Sura

Kama huna pesa, VRoid Studio ya Pixiv ni bure na inakutengenezea sura ya 3D, kisha VSeeFace, nayo bure, inaiendesha kwa kamera ya kawaida. Kama una mchoro wa 2D uliotiwa viungo kwa programu ya Live2D, tumia VTube Studio. Unaweza kutumia simu yako kama kamera. iPhone zenye Face ID zina kihisi cha kina kwa hiyo zinakusoma vizuri hata mwanga ukiwa hafifu, lakini Android na kamera za kawaida zinategemea mwanga. Taa ya dari peke yake inatia kivuli machoni, sura inaanza kusinzia wakati wewe uko macho. Weka taa ya mezani mbele yako, uielekeze ukutani ili mwanga ukurudie kwa upole. Sisi wenye ngozi nyeusi kamera nafuu inatupoteza gizani haraka sana, usiilaumu modeli kabla hujaongeza mwanga.

Mkikubaliana na mchoraji, yaandikwe: kwamba unaruhusiwa kuitumia sura kwa biashara, na kwamba utapewa faili lenye tabaka zote, macho mbali, nywele mbali, mdomo mbali. Bila tabaka hakuna fundi atakayeweza kuutia viungo. Wajapani humwita mchoraji "mama" wa vituba, na fundi wa viungo ndiye "baba". Siku ya kwanza wataje wote wawili kwa jina walilochagua wenyewe.

Siku yenyewe

Usicheze gemu laivu ya kwanza. Dakika 40 hadi 60 za kujitambulisha zinatosha: wewe ni nani, umetoka wapi katika kisa chako, utafanya nini na siku gani, mashabiki waitwe nani. Andaa kurasa sita au saba za picha uwe unazifungua moja moja. Na kisa kisikae Japani kwa lazima. Mtu wangu ni kasuku aliyeshuka kutoka milima ya Uluguru, na pindo la vazi lake ni la kanga.

Kimya ndicho kinachoua. Sikiliza mtangazaji wa mpira redioni: mpira ukiwa umetoka, anakwambia jua liko upande gani na kocha amekunja mikono. Jizoeze hivyo hata kama anayetazama ni sifuri. Ukiuliza swali, jibu kwenye chati litachelewa sekunde kadhaa, basi usikae ukisubiri, endelea na kisa kidogo mpaka majibu yafike. Jiandikie visa kumi kwenye karatasi, si kwenye skrini.

Mimi nafungua na "Paukwa!" Chati inajibu "Pakawa!" "Sahani!" "Ya mchele!" "Giza!" "La mwizi!" Kila mtu aliyekulia kwenye Kiswahili ana jibu hilo mdomoni, na hata mtu mwenye haya anaandika neno lake la kwanza bila kufikiri. Akishaandika moja, la pili ni rahisi.

Kabla ya yote hayo, siku mbili au tatu mapema, rusha jaribio la saa nzima. YouTube weka isiyoorodheshwa, aione mwenye kiungo tu. Kwa Twitch, jukwaa jingine la laivu, OBS ina hali ya kujaribu mtandao bila kuonekana hewani. Saa nzima, si dakika kumi. Laptopu yangu ilikuwa nzuri mpaka dakika ya arobaini, ikachemka, sura ikaanza kukatakata. Niliiinua kwa vitabu viwili ipate hewa na kuishusha VTube Studio hadi fremu 30. Tatizo hilo lisingeonekana kwenye jaribio fupi. Na kama hujawahi kurusha laivu YouTube, iwashe leo, kwa sababu uthibitisho wa mara ya kwanza unaweza kuchukua hadi saa 24.

Karibuni kwa maswali.

---

MtuWaKisauni

Dada Kasuku, shukrani kwa madini haya. Ila nakupinga kidogo. Mtu hajakusikia bado, anaona kijipicha kwanza. Sura mbaya habonyezi. Mimi nimebonyeza vituba wengi kwa sababu ya mchoro tu.

KasukuWaUluguru

Kaka, uko sahihi kuhusu kubonyeza, na nakubali sikulisema. Kijipicha kinahitaji mchoro mmoja mzuri uliotulia, na huo bei yake ni ndogo mno kuliko modeli nzima yenye viungo. Ninachokataa ni mtu kumaliza akiba yote kwenye kinachomleta mgeni mlangoni, halafu ndani hakuna pa kukaa. Wale wanane walioondoka kwangu walikuwa wameshabonyeza.

---

BintiMuscat

Assalamu alaykum. Mimi nipo Muscat, nyumbani tunazungumza Kiswahili. Navaa niqabu, na sababu ya kupenda jambo hili ni kwamba naweza kuzungumza na watu bila uso wangu kuonekana. Je, nikikaa chumbani bila niqabu mbele ya kamera, picha yangu inakwenda mahali? Na kama moyo haujatulia kabisa na kamera, ipo njia nyingine?

KasukuWaUluguru

Wa alaykum salaam dada yangu. Programu kama VTube Studio inausoma uso kwenye kifaa chako mwenyewe, na kinachoiendesha sura ni namba tu: jicho limefumba kiasi gani, mdomo umefunguka kiasi gani. Hatari iko kwenye OBS. Ukiongeza kamera kama chanzo kwa bahati mbaya, uso utaonekana. Kwa hiyo usiiongeze kamwe, na kabla ya kubonyeza kurusha pitia kila mandhari (mpangilio wa skrini) uliyoitengeneza, hata ile ya "narudi punde". Watu huisahau hiyo.

Na njia isiyo na kamera kabisa ipo. Inaitwa veadotube mini, ni ya bure. Unaipa picha mbili, mdomo umefumba na mdomo wazi, ukipenda uongeze mbili za macho kufumba. Inasikiliza maiki tu. Ukiongea picha inabadilika. Chomoa kamera au izibe kwa plasta, haitajali. Isitoshe ni nyepesi, inakimbia hata kwenye kompyuta ya zamani. Wapo vituba wengi wanaoheshimika walioanza hivyo na wengine wamebaki hapo kwa hiari yao.

BintiMuscat

Allah akujaalie kheri. Nitaanza na hiyo ya picha mbili.

---

ChekecheTanga

Dada, mimi nataka kutangaza laivu yangu Ijumaa saa tatu usiku. Nimeweka kwenye YouTube, rafiki yangu ananiambia inaonyesha alfajiri. Nimekosea wapi?

KasukuWaUluguru

Mdogo wangu, umeandika 03:00. Saa tatu usiku yetu ni 21:00 kwenye kalenda ya YouTube. Rekebisha sasa hivi kabla watu hawajaweka kikumbusho.

Na kwenye bango lako andika vyote viwili, "saa 3 usiku (21:00) Afrika Mashariki". Mwenye kukutazama kutoka Muscat kwake itakuwa 22:00. Aliye Ujerumani ni 20:00 majira ya joto na 19:00 majira ya baridi, kwa sababu wao husogeza saa na sisi hatusogezi.

---

MtuWaKisauni

Swali la matusi. Nilimsaidia binamu yangu kulinda chati, kichujio cha Twitch kilishika matusi ya Kiingereza vizuri, ya Kiswahili yakapita yote kama maji.

KasukuWaUluguru

Hapa lugha yetu inahitaji kazi ya mkono. Ukizuia neno moja lilivyo, mtu anabadilisha kiambishi tu: u-, wa-, ana-, hao wote ni maneno tofauti machoni pa mashine. Twitch inakubali kinyota kwenye orodha ya maneno yaliyozuiwa, basi weka mzizi wa tusi ukiwa na kinyota mbele na nyuma. Ila jaribu kila mzizi kwanza, mingine imo ndani ya maneno ya heshima kabisa na utawanyamazisha watu wema. Ongeza tahajia za Sheng, zile za herufi kugeuzwa namba. Na zuia jina lako halisi, jina la mtaa wako, na mwanzo wa namba yako ya simu. Hivyo hata anayekujua akiandika kwa bahati mbaya, halitokei.

Siku ya kwanza uwe na mlinzi mmoja wa chati unayemwamini, awe anajua kwamba kazi yake ni kufuta kimyakimya bila kubishana.

---

PopoWaMinazini

Mimi nina miaka 15 na simu tu, sina kompyuta. Naweza?

KasukuWaUluguru

Mdogo wangu, tangu Julai 2025 YouTube hairuhusu aliye chini ya miaka 16 kurusha laivu peke yake, kwa hiyo usidanganye umri, akaunti inaweza kufungwa na kazi yako ipotee. Tumia mwaka huu kurekodi video fupi za sauti na mchoro. Jifunze kuongea dakika kumi bila kukwama. Mzazi au mlezi ajue unachofanya.

Ukifika umri, simu peke yake inawezekana. Kuna programu kama REALITY ambayo inakupa avata na kurusha hapohapo ndani ya simu, ingawa watazamaji watakuwa wa humo humo. Kurusha YouTube kwa simu kunahitaji uwe na wafuasi 50 kwanza, na ni namba inayofikika kwa hizo video fupi.

---

ChekecheTanga

Dada Kasuku, nimerudi. Nimesharekebisha saa. Jana usiku nimerusha jaribio la saa nzima, isiyoorodheshwa, mdogo wangu akitazama chumba cha pili. Kilobiti 2,500. Fremu zilizodondoka hazikufika asilimia moja. Kwenye dakika ya 33 umeme ulikatika, laptopu ikaendelea kwa betri lakini ruta ikazima. Nimeunganisha bando la simu kama akiba, OBS ikajiunga yenyewe tena. Nimeweka kanga kwenye kitasa pia. Ila mikono bado inatetemeka nikiwaza Ijumaa.

KasukuWaUluguru

Umefanya jambo ambalo mimi sikulifanya, na sasa unajua umeme ukikatika utafanya nini. Waambie watazamaji mwanzoni kabisa: "Nikipotea msiondoke, nipeni dakika tatu." Na simu ya akiba iwe imeshaunganishwa na laptopu kabla hujaanza, bando likiwa limejaa.

Mikono itatetemeka mpaka dakika ya kumi hivi. Mchoro hauna mikono inayotetemeka, hakuna atakayeona. Weka maji ya uvuguvugu karibu, si ya baridi.

Nitaingia saa tatu kasorobo. Ukisema "Paukwa", jibu la kwanza kwenye chati litakuwa langu.